Jani la Connecticut Lililoota Ekuador

Usiku mmoja nilitandaza gazeti mezani, nikachukua wembe mpya, nikaipasua biri kuanzia kichwani hadi mguuni. Sikuwa na ugomvi nayo. Nilikuwa nimeshavuta nyingine mbili za sanduku lile lile na nilizipenda. Ila juu ya sanduku paliandikwa neno moja kubwa kwa rangi ya dhahabu, CONNECTICUT, na ndani, kwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nne, paliandikwa kwa herufi za kusumbua macho kwamba jani la nje limelimwa Ekuador. Connecticut ni jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye baridi na theluji. Ekuador iko kwenye ikweta, kama jina lake linavyosema. Nikaona bora nifungue nione.

Kabla sijaendelea, suala la jina. Sisi tumezoea kuita kila kinachotoa moshi wa tumbaku sigara, na hapo hapo tofauti inapotea. Kamusi zina neno biri kwa ile nene iliyosokotwa kwa majani matupu bila karatasi, na ndilo nitakalotumia, ijapokuwa najua wapo watakaolisoma wakafikiria vile visigara vyembamba vya Kihindi vinavyofungwa kwa uzi. Kwa hiyo mimi ninayekuja kulalamikia lebo za watu naanza na lebo yenye utata. Sawa, nimekubali.

Jambo la pili la kuweka wazi: kazi inayonilisha ni kusahihisha maandishi ya vifungashio. Dawa ya meno, sabuni, chakula cha paka, chochote kinachohitaji maneno kwenye boksi. Miaka yangu katika kazi hii imenionyesha kwamba uongo wa waziwazi kwenye lebo ni nadra, kwa sababu mwanasheria wa kampuni ataukamata kabla haujafika kwangu. Kinachopita ni ukweli uliopangwa. Kila neno ukilishika peke yake ni kweli, lakini ukiyaweka pamoja, kwa ukubwa huu na rangi hii, msomaji anaondoka na jambo ambalo hakuna aliyelisema. Biashara ya biri ni mabingwa wa sanaa hiyo, na nasema hivyo kwa masikitiko, kwa sababu ni bidhaa ambayo ingeweza kusema ukweli wote bila kupoteza kitu.

Turudi kwenye gazeti. Biri ina sehemu tatu, na wasokotaji wa nchi za Kihispania wana majina yake. Capa ni jani la nje, lile unaloliona na kuligusa kwa midomo. Chini yake kuna capote, jani gumu zaidi linaloshika umbo. Ndani kabisa ni tripa, neno ambalo kwa kawaida maana yake ni matumbo, yaani majani yaliyokunjwa kwa urefu, aina mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Capa yangu ilibanduka vizuri, nyembamba, rangi ya mchanga uliolowa. Capote ilikuwa na mishipa minene. Tripa ilitoka na majani manne: mawili mepesi, moja la kahawia, na moja zito lenye mafuta lililonatanata vidoleni. Hilo zito nililitambua. Ni ligero, jani la juu ya mmea, linalokula jua kuliko mengine yote na kwa hiyo lina nguvu kuliko yote. Msokotaji huliweka katikati kwa sababu huungua polepole.

Nikachukua bahasha tatu. Juu ya ya kwanza nikaandika "Capa, Ekuador." Ya pili, kwa mujibu wa kikaratasi, "Capote, Indonesia." Ya tatu kalamu ilibaki hewani, kwa sababu kuhusu tripa kikaratasi kilisema "mchanganyiko teule" basi. Limeteuliwa na nani, kutoka wapi, hakuna. Na tripa ndiyo sehemu kubwa ya biri kwa uzito.

Basi lile neno la dhahabu lilikuwa linamzungumzia nani?

Bonde la mto Connecticut limelima tumbaku tangu enzi za walowezi. Mwishoni mwa karne ya 19 wakulima wake walibanwa vibaya na jani jembamba la Sumatra, kisiwa cha Indonesia, lililokuwa likiingia Marekani na kupendwa na viwanda kwa sababu lilipendeza machoni na kilo moja ilifunika biri nyingi. Mwaka 1900, katika mji wa Windsor, yakafanyika majaribio ya kuleta hali ya hewa ya Sumatra kwa nguvu: nguzo zikasimikwa shambani, kitambaa kikatandazwa juu na pembeni mpaka shamba likawa hema moja, na chini yake ikapandwa mbegu ya Sumatra. Jua likapungua ukali, unyevu ukakaa, jani likatoka jembamba na laini. Ndivyo lilivyozaliwa jani la kivulini la Connecticut, ambalo kwa karne nzima limehesabiwa miongoni mwa capa bora duniani. Hapo tu pana kichekesho: jani lililoijengea Connecticut jina lilianza kama mgeni aliyejengewa kivuli cha kwao.

Baadaye mbegu ya Connecticut nayo ikasafiri. Ekuador haihitaji hema. Mawingu yanayoganda juu ya nyanda zake za chini, kati ya milima ya Andes na Pasifiki, yanafanya kazi ya kile kitambaa bure, na gharama za kulima huko ni ndogo kuliko Marekani. Leo capa nyingi unazoziona zimeandikwa Connecticut zimelimwa chini ya mawingu hayo. Wafanyabiashara wa majani wenyewe huita "Ecuador Connecticut", maneno mawili, na mbele ya mtu wa biashara hiyo hakuna anayedanganyika: neno la kwanza ni udongo, la pili ni mbegu. Udanganyifu hutokea safarini kati ya ghala na duka, pale neno la kwanza linapodondoka.

Siubishii ubora wa jani la Ekuador. Nimelivuta, ni zuri. Ndiyo maana linanikera zaidi. Mtu anapoficha kibaya, namwelewa. Anayeficha kizuri nyuma ya jina la mwingine anamdharau aliyekilima.

Gramu moja ya mbegu ya tumbaku ina mbegu zaidi ya 10,000. Ni vumbi. Mtu anaweza kubeba shamba zima kwenye mfuko wa shati na afisa wa forodha asijue. Kwa hiyo mbegu zimezunguka dunia nzima: mbegu ya Sumatra iko Ekuador, mbegu ya Kuba iko Nikaragua, Honduras na Jamhuri ya Dominika, na mbegu ya Kamerun, ambayo asili yake ni Sumatra, nayo sasa inaota Ekuador. Hata lile jani halisi la Kamerun, lenye vipele vidogo vya mafuta ambavyo wapenzi wake hupapasa kwa kidole gumba kama kipofu asomaye, sehemu yake hulimwa ng'ambo ya mpaka, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na bado sanduku husema Cameroon. Sijawahi kukutana na sanduku lililoandika jina la nchi hiyo ya pili kwa herufi kubwa.

Utetezi nimeshausikia: mbegu ndiyo inayobeba ladha, kwa hiyo kutaja mbegu ni kusema ukweli. Ingekuwa hoja nzuri kama wangekuwa na msimamo mmoja. Lakini soma matangazo yao. Yanaimba udongo mweusi mzito wa Estelí, udongo wa bonde la Jalapa unaotoa jani lenye utamu, majivu ya volkano ya kisiwa cha Ometepe, yote Nikaragua. Wanakwambia mbegu ile ile ikipandwa mabonde mawili jirani hutoa majani mawili tofauti, na ni kweli. Wakati wa kusifia, udongo ndio kila kitu. Wakati wa kuandika lebo, kama udongo hauna jina linalouza, ghafla mbegu ndiyo kila kitu.

Neno linalotumika vibaya kuliko yote ni "mbegu ya Kuba". Limekuwa likizunguka tangu miaka ya 1960, watu walipotoka kisiwani na mbegu zao. Jamhuri ya Dominika kuna aina inayoitwa Piloto Cubano iliyotokana na mbegu hizo. Zimepita zaidi ya miaka 60, mimea imezaliana kizazi baada ya kizazi katika udongo mwingine, imechanganywa na aina nyingine ili ihimili magonjwa, na bado inatembea na cheti cha kuzaliwa cha babu. Kuba yenyewe mbegu zimebadilika. Aina ya Corojo, iliyopewa jina la shamba la El Corojo huko Pinar del Río na kutoa capa zilizosifika kwa miongo mingi, iliachwa kulimwa Kuba katika miaka ya 1990 kwa sababu ya magonjwa, mahali pake zikaingia aina mpya. Kwa hiyo anayenunua "Corojo" halisi ya Honduras leo anaweza kuwa karibu zaidi na mbegu ya zamani ya Kuba kuliko anayenunua biri ya Kuba. Udongo ulibaki, mbegu ikahama. Lebo ipi iandikwe hapo? Mimi ningeandika yote mawili, kwa ukubwa mmoja wa herufi.

Na ukitaja Kuba, lazima uingie kwenye kile ninachokiita mapacha.

Mnamo Septemba 1960 serikali ya mapinduzi ilitaifisha viwanda vya tumbaku. Familia zilizokuwa na chapa kubwa zikaondoka. Familia za Menéndez na García, waliokuwa na Montecristo na H. Upmann, ndugu wa Cifuentes waliokuwa na Partagás, Fernando Palicio aliyekuwa na Hoyo de Monterrey na Punch: mali ilibaki, watu wakaenda. Mwezi Februari 1962 rais John F. Kennedy alitia saini vikwazo vya biashara dhidi ya Kuba. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia mwenyewe baadaye kwamba jioni ya kuamkia siku hiyo rais alimtuma amtafutie biri 1,000 za aina ya Petit Upmann. Alipata 1,200, na aliporudi na taarifa hiyo asubuhi, rais akatoa karatasi mezani na kuisaini. Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama mzaha. Mimi huona ndani yake mtu mmoja katika nchi nzima aliyejua kwa hakika jani lake limetoka wapi.

Mahakama za Marekani ziliamua kwamba kutaifishwa huko hakukugusa haki ya majina ndani ya Marekani. Majina yakabaki kwa wenye zamani, nao wakayauza kwa makampuni ya huko. Matokeo ni kwamba leo zipo Partagás mbili, Montecristo mbili, Romeo y Julieta mbili, Punch mbili. Moja ni ya Kuba, nyingine ya Jamhuri ya Dominika au Honduras, isiyo na hata jani moja la Kuba kwa sababu sheria ya vikwazo inakataza. Herufi zinafanana, miaka ya kuanzishwa iliyochapwa kwenye mfuniko inafanana, picha za medali za maonyesho ya karne ya 19 zinafanana. Ukisoma "tangu 1845" kwenye biri ya Dominika, kilichoanza 1845 ni jina.

Cohiba ni pacha wa ajabu zaidi kwa sababu haikuwahi kuwa na mwenye zamani. Ilianzishwa baada ya mapinduzi, 1966, ikiwa ya Fidel Castro na wageni wa serikali, ikaanza kuuzwa hadharani nje ya Kuba mwaka 1982. Lakini kampuni ya General Cigar ilikuwa imeshasajili jina hilo Marekani mwaka 1981. Kesi ilianza 1997, ikapanda na kushuka ngazi za mahakama, na Desemba 2022 bodi ya rufaa ya alama za biashara ya Marekani ikaamua usajili huo ufutwe. Robo karne ya mawakili kwa ajili ya neno moja la herufi sita. Katika miaka yote hiyo sikumbuki kuona mtu akipendekeza suluhisho la bei rahisi, la kuandika chini ya jina, kwa herufi za ukubwa ule ule, tumbaku imetoka wapi.

Na si kwamba haiwezekani. Zino Davidoff, mfanyabiashara wa biri wa Geneva, alikuwa na biri zenye jina lake zilizosokotwa Kuba. Baada ya ugomvi na Wakuba kuhusu ubora, Agosti 1989 alichoma moto hadharani zaidi ya biri 100,000, kisha katika miaka ya mwanzo ya 1990 uzalishaji ukahamia Jamhuri ya Dominika. Kampuni ilisema: hizi si zile, ladha ni nyingine, udongo ni mwingine. Wateja walilalamika, wengine wakaondoka, lakini hakuna aliyevuta kitu akidhani ni kingine. Ni tangazo la gharama kubwa, lile la moto, ila ni lebo iliyosomeka kutoka mbali.

Kuna kipindi jambo hili lilikuwa kinyume kabisa. Vicente Martínez Ybor, mwenye kiwanda cha biri, alipojenga mji wa viwanda karibu na Tampa, Florida, mwaka 1886, mitumba ya majani ilivushwa bahari kutoka Kuba na biri zikasokotwa Marekani na Wakuba, Wahispania na Wasisilia. Zikaitwa "Havana safi". Hazikutengenezwa Havana, lakini kila jani lilitoka Kuba, na mnunuzi alijua hivyo ndivyo neno lilivyomaanisha. Leo tuna neno Havana kwenye biri ambazo hazikutengenezwa Havana wala hazina jani la Kuba. Neno limetolewa vyote viwili, limebaki la mapambo.

Msidhani naipigia debe Kuba. Masanduku yao yana mihuri kama pasipoti ya mwanadiplomasia: muhuri wa dhamana wa kijani na nyeupe unaotokana na sheria ya Julai 1912, utepe wa pembeni unaosema Habanos na jina la asili linalolindwa, na chini ya sanduku chapa ya moto: Habanos S.A., Hecho en Cuba, Totalmente a mano. Hayo ya mwisho ni somo zuri kwa mtu wa kazi yangu. Kwa nini "kwa mkono kabisa" na si "kwa mkono" tu? Kwa sababu ndani ya sheria za Ulaya biri ambayo tumbo lake limefungwa na mashine na kuvishwa capa kwa mkono iliruhusiwa kuitwa ya mkono. Kwa hiyo mwaka 1989 ilibidi waongeze neno "kabisa" ili kurudisha maana ambayo neno "mkono" lilikuwa limeporwa. Nilipolijua hili nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akaniuliza kulikoni.

Lakini chini ya sanduku hilo hilo, kuanzia 1985 hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, tarehe ya kufungashwa ilifichwa kwa fumbo. Neno la herufi kumi, NIVELACUSO, lilisimama badala ya tarakimu: N ni 1, I ni 2, V ni 3, na kuendelea hadi S ambayo ni 9 na O ambayo ni sifuri. Mwezi wa 9 mwaka 94 ungesomeka OSSE. Fumbo lilikuwa la matumizi ya ndani, mnunuzi hakutakiwa kujua. Wavutaji wakalifumbua, likakosa kazi, na siku hizi mwezi na mwaka hupigwa wazi: ABR 15, yaani Aprili 2015. Nililonalo la kusema ni hili: hakuna kilichoharibika. Mauzo hayakuanguka kwa sababu watu walijua biri ina umri gani. Wengine walianza kuchagua masanduku kwa tarehe na kuyalipia zaidi.

Nina kisa changu kidogo hapa. Rafiki aliyenitendea wema mwingi aliniletea zawadi kutoka safarini, sanduku la Cohiba lenye mfuniko wa kioo. Linang'aa, biri zimepangwa kama askari kwenye gwaride. Wakuba hawajawahi kuiuza Cohiba kwenye sanduku la kioo. Ni alama ya bandia inayojulikana kuliko zote. Nilipasua moja baada ya yeye kuondoka. Ndani palikuwa na vipande vipande, mishipa, na kitu kilichofanana na jani la mgomba lililokauka. Sikumwambia. Yaani mimi, mtetezi wa lebo za kweli, nilimtumia ujumbe wa shukrani na picha ya sanduku likiwa wazi, na kila anapouliza kama zimekwisha namjibu bado nazitunza. Hilo nalo ni kweli, kila neno.

Bandia hata hivyo si tatizo ninalolihofia sana. Mwizi ni mwizi, na ana polisi wake. Kinachonishughulisha ni maneno halali. Chukua "natural" kwenye sanduku. Kila mtu husoma ni jambo la asili, lisilo na kemikali. Katika biashara hii ni jina la rangi tu, kahawia nyepesi. Chukua "maduro", yaani iliyoiva. Si aina ya mmea, ni matokeo: jani nene lililokaa sana kwenye joto la kuchachuka mpaka likawa jeusi. Ila kwa kuwa weusi unauza, wapo wanaoharakisha kwa joto la ziada na wanaoongeza rangi, na sanduku halitofautishi. Chukua mwaka. Ukiona biri inajitangaza kwa mwaka fulani wa mavuno, mara nyingi mwaka huo ni wa capa peke yake, jani moja kati ya sita au saba.

Halafu ile inayoitwa "tumbaku" tu. Tangu miaka ya 1950 viwanda vya mashine vimekuwa vikisaga vumbi, mishipa na makombo ya majani, vikachanganya na maji na gundi ya mimea, vikatandaza rojo hiyo na kuikausha ikawa shuka refu kama karatasi. Inaviringishwa kwenye mapipa, inaingia kwenye mashine, inakuwa capote, na kwa biri za bei ya chini hata capa. Wengine huichapa mishipa ya uongo ili ifanane na jani. Ni tumbaku? Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Ni jani? Muulize aliyechapa mishipa.

Sheria husaidia kidogo mno. Nchi inayoandikwa kwenye sanduku ni ile biri iliposokotwa. "Hecho en República Dominicana" inaweza kuwa na capa ya Ekuador, capote ya Meksiko, tripa ya Nikaragua na Brazili, na isiwe na jani hata moja la Dominika, na maneno yakabaki halali. Sheria ya tumbaku ya Marekani ya 2009 ilidai lebo itaje asilimia ya tumbaku iliyolimwa ndani ya nchi na asilimia iliyotoka nje. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ikazivuta biri chini ya sheria hiyo, na Agosti 2023 jaji akaziondoa zile za daraja la juu zinazosokotwa kwa mkono. Hata zingebaki, mngesoma nini? "Asilimia 100 ya nje." Dunia nzima iko nje.

Sentensi ya kweli kuliko zote kwenye masanduku mengi haikuandikwa na mwenye chapa. Mwaka 2000 tume ya biashara ya Marekani ilikubaliana na makampuni saba makubwa zaidi ya biri kuweka maonyo ya kupokezana, na mojawapo husema kwamba biri si mbadala salama wa sigareti. Jingine hutaja saratani ya kinywa na koo hata kama huvuti moshi ndani. Halina pambo, halitaji mabonde wala volkano. Navuta chache kwa mwaka na kila mara nalisoma, nikijua kwamba hiyo sentensi moja haikupangwa ili nielewe kitu kingine.

Kisingizio cha mwisho ni kwamba kampuni yenyewe haijui. Siamini. Jani likishachumwa hupangwa kwa ngazi lilikotoka kwenye mmea, hukaushwa bandani, kisha huwekwa kwenye malundo makubwa yanayoitwa pilones, ambamo uzito wake wenyewe hulipasha joto na kulichachusha, na vipimajoto vimechomekwa katikati ili lundo lipinduliwe kabla halijaungua. Likitoka hapo hufungwa mitumba, na kila mtumba una karatasi yake: aina, mwaka wa mavuno, ngazi, daraja. Mtu anayepanga mchanganyiko hawezi kufanya kazi bila karatasi hizo. Habari ipo, imeandikwa, imefuata jani kutoka shambani hadi meza ya msokotaji. Inakatwa pale pale biri inapovishwa pete, ule utepe wa karatasi wenye jina la chapa.

Hoja wanayoweza kunishinda nayo ni moja: mavuno hubadilika, na mpanga mchanganyiko hubadilisha majani ili ladha ibaki ile ile, kwa hiyo orodha ya leo itakuwa uongo kesho. Hapo nanyamaza kidogo. Kisha nakumbuka kwamba sabuni ninayoisahihisha kila robo mwaka hubadilisha mafuta yake, nasi tunachapa lebo nyingine.

Niliwaandikia waliotengeneza ile biri ya bahasha tatu. Barua fupi, ya adabu, maswali mawili. Capa imelimwa wapi? Tripa inatoka nchi zipi? Jibu lilikuja baada ya siku tisa, nalo lilikuwa la adabu kuliko barua yangu. Capa, ndiyo, Ekuador, na wanajivunia sana wakulima wao wa huko. Kuhusu tripa, walinishukuru kwa shauku yangu, wakasema mchanganyiko ni siri ya familia tangu kizazi cha tatu. Waliambatanisha picha ya sanduku jipya linalotoka mwaka ujao. Neno la dhahabu limeongezwa ukubwa.

Nilichukua ile bahasha iliyobaki, nikaandika "Tripa, siri ya familia", nikairudisha kwenye droo pamoja na wenzake. Mafuta ya ligero yameshapenya karatasi. Doa limefika kwenye neno la mwisho.